Jeti ya Adome na Jeti ya Mabior

Jumapili, 12 Oktoba 1997. Lodwar

Daftari hili nimelinunua kwa amri ya Adome. Adome ni binamu yangu na fundi wa pikipiki hapa Lodwar, na mdomo wake ni mkubwa kuliko gereji yake. Mwezi uliopita silinda ya pikipiki yangu, ya ukubwa wa mia na ishirini na tano, ilikwisha kabisa. Akaing'oa, akaweka ya mia na sabini na tano aliyoitoa kwenye pikipiki iliyogongwa na lori kule Lokichar. Sasa nguvu ipo, lakini kabureta ni ile ile ya zamani, na inatakiwa kulisha tumbo kubwa kuliko ililozoea. Kilichobaki ni kuchagua jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupimia petroli. Tundu likiwa dogo mno injini inakufa njaa na pistoni inaungua. Likiwa kubwa mno, inavimbiwa na kutoa moshi. Adome kasema niandike kila safari, umbali gani, joto gani, plagi rangi gani, la sivyo atakuwa anapapasa tu. Haya, naandika.

Mimi ni Emuria, tarishi wa ofisi ya mradi wa maji. Kila wiki nabeba barua na vipuri vya pampu kutoka Lodwar hadi Kakuma, kilomita mia moja ishirini na moja kwa mita yangu. Pikipiki inaitwa Lomeri, yaani wa madoadoa, kwa sababu ya ngozi. Mama yangu, Nabei, anakaa Kakuma. Alipoiona ina silinda mpya alichinja mbuzi wa madoadoa, akapaka magurudumu ujiuji wa tumbo la mbuzi, akaiombea isiniangushe. Kisha akaishona ile ngozi mbichi juu ya tangi, ikakaukia hapo hapo. Juu ya kifuniko aliacha kipande cha kukunja, kinafungwa kwa ukanda, na kila nikija hukipaka mafuta ya mkia wa kondoo ili vumbi na maji yasiingie. Watu wa stendi wanacheka. Wacheke. Mapaja yangu hayaungui tena.

Jumanne, 14 Oktoba

Kwenda Kakuma. Jua kali. Lomeri alikimbia vizuri hadi nikawa naimba peke yangu. Kilomita ya 68 akaanza kukohoa, akalegea, akazima. Nikatoa plagi, nyeupe kama chaki. Nikaifuta, nikairudisha. Nikafungua tangi kuona kama petroli ipo. Ipo, ila tangi lilisonya kama mwanamke aliyeudhiwa. Nikafunga, nikapiga kiki, akawaka. Kumbe kufuta plagi ndiyo dawa.

Jumatano, 15 Oktoba

Kurudi. Alizima kilomita ya 71. Plagi nyeupe. Nikaifuta, nikaangalia mafuta, tangi likasonya, akawaka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Adome alipoiona plagi alipiga makofi. Plagi nyeupe ni njaa, kasema, hata mtoto mchanga anajua. Akaweka jeti ya tundu kubwa zaidi. Akafungua ngozi na kifuniko, nikazunguka uwanja wake mara ishirini, na kila mzunguko akichungulia petroli inavyoshuka. Lomeri hakukohoa hata mara moja. Adome akaniuliza kama nimewahi kumwona fundi mwingine kama yeye. Nilimwambia bado.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua. Katika Oktoba! Redioni wanasema bado inakuja nyingi.

Jumanne, 21 Oktoba

Kwenda Kakuma, mawingu, barabara ina matope. Alizima kilomita ya 57. Sielewi. Mjini anatoa moshi mweusi kama jiko la kuni, akifika mbali anakufa njaa. Anavimbiwa na kufa njaa siku moja!

Mama kasema kwenye kambi ya wakimbizi kuna fundi Mdinka wa Sudan, jina lake Mabior, ametengeneza jenereta ya kanisa iliyowashinda watu wa Kitale. Nilimwambia simpi mkimbizi pikipiki yangu. Wanapewa mahindi, wanapewa maturubai, na sisi wenye nchi tunawatazama. Mama aliendelea tu kupaka mafuta kwenye ngozi ya tangi.

Jumatano, 22 Oktoba

Nilikwenda kwa sababu ya mama tu. Mabior ni mrefu hata akikaa, mwenye mistari ya chale kwenye paji la uso. Gereji yake ni turubai moja na kreti mbili za soda. Alijifunza kazi Juba kabla ya vita. Hasifu wala hatukani, na hilo liliniudhi zaidi. Alitoa jeti ya Adome, akaitazama juani kwa jicho moja, akasema, "Huyu anakula sana." Akaliziba tundu kwa risasi ya kuchomelea, akalitoboa upya kwa uzi wa waya mwembamba. Mafundi wangu wote wawili wanapima kwa jicho na kwa sikio, sasa mimi nimwamini nani?

Mwishoni akaniambia, "Kabureta moja, mkono moja. Ukirudi kwa mwingine, usikuja kwangu."

Nimeondoka Kakuma saa nane. Alizima kilomita ya 52. Nikasema, si ndiyo hayo!

Ijumaa, 24 Oktoba

Adome amekuta risasi ndani ya jeti yake. Alinuna kama mtu aliyekuta viatu vya mwanamume mwingine mlangoni. Akaitupa, akaweka yake, na akasema maneno yale yale ya Mabior, kwamba nichague mkono mmoja. Nimechagua damu yangu. Adome ni mtoto wa ndugu ya mama.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua. Lagga zote, hii mito ya mchanga ya msimu, zimejaa, malori yamesimama. Sikwenda popote.

Jumatatu, 3 Novemba

Nitaandika, maana nikikaa bure nitapasuka.

Asubuhi redio ya ofisi iliita kutoka Kakuma. Jana jioni mbwa asiye na mwenyewe aliingia zizini kwa mama, anatoa povu, anajigonga kwenye miiba. Mama alimfukuza kwa fimbo ili asiume mbuzi. Akamwuma yeye, shavu la mguu wa kushoto, nyama ikafunguka. Vijana wakamwua yule mbwa. Kichaa.

Zahanati ya karibu na mama ilipata chanjo moja tu, ya mwisho ya kambini, kwenye sanduku la barafu, na wamemdunga leo. Friji yao imekufa tangu Septemba. Nilikimbia hospitali hapa Lodwar kumtafuta Sista Helen, anayeshika ufunguo wa dawa. Ni mama wa makamo, hacheki ovyo. Alinikalisha akanieleza pole pole. Sindano ni tano. Ya leo, kisha siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na nane. Ugonjwa ukishaanza hakuna dawa duniani. Mgonjwa anashikwa na kiu, lakini akiona maji koo linajifunga, anayaogopa, kisha ndiyo basi. Ndiyo maana hatukosi siku, alisema.

Nikamwomba anipe zote nne. Chanjo zenyewe zilizobaki ni chache, gari la kuleta nyingine limekwama upande wa Lokichar. Aliniangalia, akaniuliza kama ile pikipiki yenye ngozi inayozima kila wiki ni yangu. Lodwar hii hakuna siri.

"Nikikupa nne, ikakufia juani, nimepoteza nne," alisema. "Nitakupa moja moja. Barafu ya flaski hii hudumu kwa saa nane, kumi ukibahatika. Ukifika imeyeyuka na chupa ina joto, usimdunge, ni maji tu."

Kumleta mama hapa haiwezekani. Malori hayavuki, na kwa mguu ule hawezi kukaa kwenye pikipiki wala kutembea ndani ya lagga. Kwa hiyo ni mimi na Lomeri. Sasa uhai wa mama yangu umo kwenye tundu la jeti.

Alhamisi, 6 Novemba

Sindano ya pili. Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi, mvua nyembamba. Alizima kilomita ya 44. Plagi, mafuta, tangi likasonya, akawaka. Akazima tena ya 83. Nikasukuma kidogo kwa hasira, nikamtukana, ndipo nikafanya yale yale, akawaka. Nilifika saa saba. Barafu ilibaki vipande viwili. Mama kadungwa, akalalamika kwamba msichana wa zahanati ana mikono baridi. Mguu umevimba. Akatoka anachechemea, akapaka tangi mafuta. Nilitaka kulia.

Ijumaa, 7 Novemba

Kurudi. Alizima mara mbili.

Jumamosi, 8 Novemba

Adome kaweka jeti kubwa kuliko zote alizonazo. Tumezunguka uwanja, hakuzima. Nilimwuliza, binamu, una hakika? Akasema ana hakika kama anavyojua jina la baba yake. Sasa Lomeri anakunywa petroli kama ngamia aliyetoka Nadapal kule mpakani, na nyuma ni moshi mtupu.

Jumatatu, 10 Novemba

Sindano ya tatu. Siku mbaya.

Mvua tangu alfajiri. Lagga ya kwanza ilikuwa magotini, niliziba ekzosi kwa kitambaa nikasukuma. Ya pili ilikuwa kifuani. Nilisimama hapo saa mbili nzima nikitazama miti ikipita, flaski kifuani ndani ya koti. Maji yaliposhuka nikavuka.

Lomeri alizima mara nne. Ya 31, ya 55, ya 78, ya 102. Ngozi imelowa, nzito, imevimba. Kila mara plagi, mafuta, kusonya, kiki. Mara ya nne nilipiga kiki hadi goti likakataa, nikakaa matopeni nikawatukana wote, Adome na jeti zake, yule Mdinka na risasi yake, na mwenye silinda aliyegongwa na lori. Kisha nikakumbuka sijaangalia mafuta. Nikaangalia, akawaka.

Nilifika jua linazama. Barafu yote maji. Msichana wa zahanati aliishika chupa, akaiweka shavuni, nikazuia pumzi. Akasema bado ya baridi. Mama akadungwa. Aliponiona nilivyo akaniuliza, kati yangu na yeye, nani mgonjwa.

Jumanne, 11 Novemba

Nimekwenda kwa Mabior bila kualikwa. Nilijua atanifukuza, amri yake niliivunja. Nikamweleza habari za mama kabla ya habari za pikipiki. Alisimama akavuta kreti, akanikalisha. Kumbe mama anamjua. Mwaka wa kwanza wa kambi, mkewe alipojifungua, mama alimpelekea maziwa siku kumi. Mama hakuwahi kuniambia, na mimi nilikuwa nasema ya mahindi ya bure mbele yake. Nimeona haya.

Hakugusa spana. Aliuliza daftari ninalobeba ni la nini. Nikamwambia. Akaomba nimsomee, neno kwa neno. Nikasoma. Alifumba macho kama mtu aliye kanisani. Nilipofika mahali tangi linaposonya akainua kidole. Nikaendelea. Akainua tena. Mwisho alikuwa amesimamisha vidole vya mikono miwili.

"Kila mara inawaka baada ya kufungua tangi," alisema. "Si baada ya plagi. Plagi ni kazi bure."

Akaenda kwa Lomeri, akafungua ukanda, akakunja ngozi, akanionyesha tundu juu ya kifuniko, dogo kama la sindano. Limejaa mafuta ya kondoo. Alisema petroli ikishuka lazima hewa iingie nyuma yake. Isipoingia, petroli inakataa kushuka, hata uweke jeti kubwa kama mdomo wa mtungi. Uwanjani mafundi huwa wameifungua ngozi, ndiyo maana haizimi. Mimi ndiye ninayeifunga vizuri kila nikianza safari. Na ikilowa ndiyo inaziba zaidi.

"Hii pikipiki hana njaa," alisema. "Hana pumzi."

Kisha akachukua kisu. Nilimshika mkono. Nilimwambia ile si ngozi tu, ni dua ya mama yangu, mbuzi alichinjwa, na mtu wa nje hawezi kuikata wakati mama mwenyewe yuko kitandani na meno ya mbwa mwilini. Nikaongeza maneno mengine ambayo sitayaandika. Mabior aliweka kisu chini. Hakukasirika. Alisema, basi angalau usiifunge. Nikamjibu kwamba nikiacha wazi mvua itaingia ndani ya petroli, nikapanda nikaondoka.

Moyoni niliona ananitafutia visa ili Adome aonekane mjinga. Mtu akishaamua kutokuamini, hata vidole kumi havitoshi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimerudi Lodwar. Alizima mara tatu, njia nzima mvua. Nimemweleza Adome habari ya tundu. Alicheka hadi akakaa chini. Nikafurahi alivyocheka, Mungu anisamehe. Kanionyesha sindano mpya ya kabureta aliyoletewa na dereva, akasema hii ndiyo mwisho wa maneno. Nimesema sawa.

Ijumaa, 14 Novemba

Sindano imewekwa. Uwanjani haizimi.

Jumatatu, 17 Novemba

Naandika kwa mama, nimekaa mlangoni, bado sijavua viatu.

Sista Helen alinipa chupa ya nne akaniambia zimebaki mbili hapo, hii na ya mwisho ya mama yangu, na kuna mtoto ameletwa jana ameumwa mkono. Aliniangalia tu, hakumalizia. Niliondoka saa kumi na mbili na robo.

Lagga ya pili ilinishika hadi saa sita mchana. Nilipovuka nilikuwa nimekwisha kuhesabu saa zangu za barafu. Lomeri alizima kilomita ya 40. Akazima ya 52. Akazima ya 61. Sindano mpya, jeti kubwa, kila kitu cha Adome kimo ndani, na anakufa kila baada ya kilomita kumi. Ya 70 alizima mahali pasipo hata mti, mvua inapiga, ngozi imenenepa na kubana juu ya kifuniko hadi vidole vyangu vilivyokufa ganzi vikashindwa kuufungua ule ukanda. Nikauvuta kwa meno. Haukufunguka.

Saa tisa. Flaski ilikuwa inacheza maji ndani, si barafu.

Nilisimama pale nikajisikia nikisema kwa sauti, hana pumzi, hana pumzi, kwa matamshi ya Mabior. Nikatoa kisu. Nilimwomba mama radhi kwa Kiturkana, kwa jina lake na la mama yake. Kisha nikakata. Nilianza kwenye ukanda, nikazunguka kifuniko chote, mduara mbovu. Kile kipande kilipotoka nilikitia mfukoni, nikatoa mafuta tunduni kwa mwiba. Tangi likavuta pumzi ndefu, hata sikuamini lina nafasi ya kuvuta hivyo.

Kiki moja.

Kilomita hamsini na moja hakuzima. Alikuwa anatoa moshi mweusi, anakohoa kwa shibe ya zile jeti za Adome, lakini hakuzima. Nililia njia nzima, na mvua ilinisitiri.

Chupa ilikuwa baridi kidogo. Msichana wa zahanati aliiweka shavuni, akafikiri, akaiweka kwenye shavu la pili, akasema inafaa. Mama kadungwa. Nimefunika tangi kwa koti la mvua. Amesema atapaka mafuta kesho, leo mguu unamuuma.

Jumanne, 18 Novemba

Niliondoka kabla mama hajatoka nje. Mimi mtu mzima, nina ndevu, nimesukuma pikipiki kimya kimya hadi barabarani ili mama asinisikie.

Nilikwenda kwa Mabior. Nilikuwa nimepanga maneno tangu jana. Nilipomfikia nilisahau yote, nikamwonyesha tangi tu. Akaupitisha mkono kwenye ule mduara, akasema, "Kalas," yaani imekwisha. Akatoa jeti kubwa, akatoa sindano mpya, akaweka jeti ya katikati, akaenda nayo barabarani akarudi, akatoa plagi. Rangi ya chai ya maziwa. Nilimwomba msamaha kwa yale maneno ya siku ile. Akasema maneno gani, siku ile mvua ilikuwa inapiga turubai, hakusikia. Uongo. Mvua haikuwepo.

Kurudi Lodwar hakuzima hata mara moja.

Alhamisi, 20 Novemba

Hakuna kitu. Mvua. Nawaza mama akishika tangi.

Jumamosi, 22 Novemba

Saa mbili asubuhi redio iliita. Karani wa Kakuma, maneno machache, redio inakwaruza. Mama yako hali hajambo lakini anakataa maji. Tangu juzi. Rudia? Anakataa maji, anageuza uso.

Sikumbuki nilivyofika kwenye pikipiki. Njiani nilikuwa na sauti ya Sista Helen kichwani, akiona maji koo linajifunga, kisha ndiyo basi. Nilihesabu siku. Nilijilaumu kwa kila kitu, kwa ile chupa ya tarehe kumi iliyofika bila barafu, kwa ile ya tarehe kumi na saba, kwa kisu, kwa kuwadharau watu na kuchagua damu. Nilivuka lagga zote mbili bila kupima maji. Saa mbili na nusu kutoka mlango hadi mlango. Lomeri hakukohoa. Sikufuta plagi, sikufungua tangi. Nilikuja kulitambua hilo baadaye.

Mama alikuwa amekaa nje ya kibanda, mguu ameunyoosha, mgongo ameugeuzia mtungi wa manjano niliomnunulia mwaka jana. Macho yake mazuri. Povu hakuna. Midomo imekauka. Nilimimina maji kikombeni, nikampelekea. Akageuza uso.

"Mama, kunywa."

"Ya mtungi wako sinywi."

Nikabaki na kikombe. Kumbe jirani alikuwa anamletea maziwa, alikuwa anakunywa. Alikataa maji ya mtungi wangu tu. Akaingiza mkono chini ya shuka akatoa kipande cha ngozi ya madoadoa, kile nilichokata, kilianguka mlangoni kwake nilipokuwa natoroka.

"Nani alikata?"

"Mimi, mama."

"Mbwa aliniuma, nikanyamaza. Sindano nne, nikanyamaza. Wewe ukaniibia ngozi yangu ukakimbia kama fisi. Ulikuwa unaogopa nini?"

Nilisema nilimwogopa yeye. Ni kweli, na ndivyo nilivyosema. Kisha nikatoa daftari hili, nikakaa chini mbele yake nikamsomea kwa Kiturkana, kila siku na kilomita zake, yote, hata yale ya mahindi ya bure, hata nilivyomkatalia Mabior. Alinisimamisha mara moja tu, akauliza tangi lilisonya mara ngapi. Tukahesabu pamoja. Akakigeuza geuza kile kipande mkononi.

"Basi ni mimi niliyekuwa namkaba," alisema. "Kila ukija namkaba tena."

Nilisema ngozi ilizuia vumbi, ilizuia jua, mapaja hayakuungua. Akaniambia ninyamaze, nimletee msharasi wake wa kutobolea ngozi na ule uzi wa mshipa, halafu nimsogeze karibu na Lomeri. Nikamsogeza. Alipita na kidole ule mduara wangu, akasema nimekata vibaya, ungechanika hadi chini kabla ya Krismasi. Akaanza kuupinda ukingo na kuushona, tundu kwa tundu, mbali na kifuniko, akipuliza juu yake kila mara kuona kama hewa inapita. Jua lilitoka kidogo. Alishona hadi akamaliza duara zima.

Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama. Sikuelewa anataka nini. Akauliza kama kile kikombe nimekishika kwa ajili ya pambo.

Alikunywa yote. Nilimtazama koo likipanda na kushuka, likipanda na kushuka. Akaomba kingine.

Jumatatu, 24 Novemba

Adome kaona plagi ya rangi ya chai. Ameigeuza geuza, akauliza jeti ni ya nani. Nikamwambia, ya Mabior. Akawasha sigara, akaivuta hadi mwisho. Halafu akauliza, kama mtu asiyejali, yule Mdinka anaiyeyushaje risasi ikawa nyembamba vile.

Jumatatu, 1 Desemba

Sindano ya tano. Gari la Lokichar limefika, na yule mtoto naye anadungwa. Mvua ndogo. Kilomita 121, hakuzima. Plagi sijaitoa. Mabior alikuwa kwa mama nilipofika, amekaa kwenye kigoda changu, wanakunywa chai ya maji ya mtungi wangu, na mama akaniambia nisubiri, vikombe ni viwili tu.